Jipu la mapafu halisubiri mshahara

Kijana mwenzangu, tangu mwaka 2015 masikio yetu yamechoshwa na habari za kutumbua majipu. Leo tuongelee jipu lisilotumbuliwa jukwaani: usaha unaojikusanya ndani ya pafu. Halichagui, hata mbeba magunia mwenye kifua kipana linamlaza.

Mara nyingi chanzo ni nimonia iliyopuuzwa, au uchafu wa kinywani uliovutwa hadi mapafuni na mtu aliyelewa chakari. Meno mabovu na kinga iliyoshuka huongeza hatari. Dalili zake ni homa isiyokoma, jasho la usiku, kifua kuuma, kukonda, na makohozi ya usaha yenye harufu mbaya hadi wenzako kijiweni wanasogea pembeni.

Je, mtu anapona? Ndiyo, anapona! Zamani, kabla ya antibiotiki, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu alizikwa. William Osler, mmoja wa madaktari maarufu kupita wote duniani, alifariki Oxford mwaka 1919 baada ya nimonia iliyomjazia usaha kifuani. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Osler alikuwa na elimu yote, dawa hakuwa nayo. Wewe dawa ipo, na wengi wanaowahi hospitali hupona bila kisu. Ila matibabu ni ya wiki kadhaa, siyo siku tatu.

Hapo ndipo tunapojimaliza. Homa ikishuka, dozi inatupwa, mtu anarudi kuzungusha bidhaa Kariakoo. Usaha haujaondoka. Jipu linaweza kupasuka na kumwaga usaha kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hapo utatobolewa ubavuni na kuwekewa mpira wa kuunyonya. Ukizidi kuchelewa, usaha unaganda na kulibana pafu kama gamba, na sasa kisu hakikwepeki. Wengine hukohoa damu nyingi. Wengine vijidudu husafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo. Na hata anayepona anaweza kubaki na pafu lenye makovu, kikohozi kikawa rafiki wa kudumu.

Lakini tusimtwishe mlalahoi lawama zote. Tangu mwaka 1993 hospitali za serikali zilipoanza kuchangisha wagonjwa, kibarua hupiga hesabu kwanza: picha ya kifua, vipimo, kitanda, na siku zote hizo bila ujira. Mwisho anaishia duka la dawa kununua vidonge vinne vya rangi mbili. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Vizuri, lakini karatasi hainyonyi usaha. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize: kibarua wa mtaa huu akiugua leo, analazwa kwa kadi ipi?

Wakati unasubiri jibu, usisubiri na kifua. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime. Dalili hizi hufanana na za kifua kikuu, na kipimo chake na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Ukikohoa damu, makohozi yakinuka au pumzi ikikata, nenda siku hiyo hiyo. Ukipewa dozi, imalize.

Mshahara utakuja mwisho wa mwezi. Usaha hauna kalenda.