Kabla Bastola Haijaingia Chumbani

Mwezi huu tunajibu barua iliyotufikia kutoka Kahe, kule tambarare chini ya Moshi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Anatueleza kwamba mpunga umewapa fedha kidogo, na kwa kuwa nyumba mbili za majirani zimevunjwa usiku, baba watoto ameamua kuomba kibali cha kununua bastola. Huyo baba ni mtu wa safari za biashara, hivyo amemtaka mama achague ile itakayofaa mkono wake, maana yeye ndiye atakayebaki nayo nyumbani. Mama anaomba tumsaidie kuchagua.

Wako watakaosema kwamba bastola si mambo ya ukurasa huu uliozoea habari za uji wa watoto na posa za mabinti. Sisi tunaona kinyume. Kitu kitakacholala chumbani mwa mama, hatua chache kutoka kitanda cha watoto wake, ni haki yake kukijua kabla hakijanunuliwa.

Tuanze na sheria, kwani mama huyu na mumewe wamepanga jambo ambalo sheria hairuhusu, na pengine hawajui. Leseni ya silaha hupewa mtu, haipewi nyumba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, na awe na cheti cha kuonyesha kwamba amefundishwa na anaweza kutumia silaha anayoiomba. Maombi huanzia kwa uongozi wa kijiji na kata, yaani kwa watu wanaomjua mwombaji na tabia zake, ndipo hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwa Msajili wa silaha. Baba akipewa leseni, bastola ni yake peke yake. Siku atakapokuwa Dar es Salaam na mama akaifyatua Kahe, hata kama aliyepigwa ni mwizi kweli, polisi watakuwa na maswali mawili: kwa nini mama ameshika silaha asiyo na leseni nayo, na kwa nini baba alimwachia. Kwa hiyo ikiwa nia ni mama aitumie, basi mama mwenyewe aombe, afundishwe na apimwe. Baba akiona hilo ni usumbufu mkubwa mno, hapo ajue kwamba mpango wake haujaiva.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe, kama tulivyoulizwa. Ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni rivolva, ile yenye gurudumu katikati linalobeba risasi tano au sita. Ya pili ni bastola ya magazini, ambayo risasi zake hupangwa katika kikasha kinachoingia ndani ya mpini. Wanaoanza mara nyingi hushauriwa rivolva kwa sababu haina mambo mengi: ukilifungua gurudumu unaona kwa macho yako kama lina risasi au halina. Ubaya wake ni kwamba kifyatuo chake ni kigumu, na mkono usiozoea huyumba wakati wa kukivuta. Bastola ya magazini hubeba risasi nyingi zaidi, aghalabu zaidi ya kumi, na kifyatuo chake huwa chepesi. Lakini ina mtego mmoja ambao umewamaliza watu wengi duniani. Mtu huchomoa magazini akadhani silaha ni tupu, kumbe risasi moja imebaki imekaa tayari ndani ya chemba. Akivuta kifyatuo kwa mzaha, inatoka.

Na ule wepesi anaoutaka baba watoto nao ni wa kudanganya. Bastola ndogo nyepesi hurusha mkono kuliko iliyo nzito, kwa hiyo ile inayoonekana kama ya kike pale dukani ndiyo ngumu kuilenga. Gobole la fundi wa kijijini hatutalizungumzia kabisa, kwani hilo huweza kumlipukia aliyelishika.

Hayo mwalimu yeyote wa shabaha angemweleza mama huyu kwa dakika tano. Sisi tunalo swali jingine ambalo barua haikuliuliza. Ni nani hasa anayetembea nje ya nyumba za Kahe usiku?

Kahe ni nchi ya mifereji. Zamu ya maji ikiangukia saa nane za usiku, baba au kijana mkubwa huamka na jembe na tochi, akarudi kabla ya alfajiri na matope miguuni, akizunguka mlango wa nyuma ili asiwaamshe wadogo. Kijana anayesoma Moshi mjini hukosa gari, akafika saa tano. Mwezi wa Desemba, ndugu wa Dar es Salaam huja na basi lililoharibika njiani, wakaingia saa tisa na mizigo yao. Jirani aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua humtuma mtoto kuomba msaada. Shemeji aliyekunywa mbege hukosea nyumba (huyu kila ukoo unaye). Hebu hesabuni wenyewe, akina mama: kwa mwaka mzima, vishindo vya usiku vingapi vilikuwa vya mwizi, na vingapi vilikuwa vya mtu wenu?

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, huko Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha mashuhuri Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, nyumbani kwake. Bastola ilikuwa ya milimita 9, na leseni alikuwa nayo. Alisema alidhani ni mwizi. Aliyekuwa ndani ya choo ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa kosa la mauaji. Ilisema kwamba hata kama hakujua ni nani aliye nyuma ya mlango, alijua yupo mtu na kwamba risasi zile zingeweza kumwua. Nyumba ile ilikuwa ndani ya mtaa wenye ukuta na walinzi, na mwenyewe alikuwa amezoea silaha. Je, mama aliyeshtuka usingizini, giza totoro, mtoto akilia, atafanya vizuri kuliko yeye?

Sheria yetu nayo si tofauti sana. Kanuni ya Adhabu inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Aliyepitiliza hushtakiwa. Mwizi aliyekwisha kugeuka na kukimbia na kuku wako si mtu unayeweza kumpiga risasi mgongoni ukasema ulikuwa unajitetea. Wala risasi haisimami pale unapotaka. Ya milimita 9 hupenya mlango wa mabanzi na kuendelea na safari yake hadi kwa jirani.

Tunakuja sasa kwenye jambo zito zaidi, nalo halihusu wezi. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia mamilioni ya watu wazima wa jimbo la California kati ya mwaka 2004 na 2016. Wote hao hawakuwa na bastola, ila baadhi waliishi nyumba moja na mtu mwenye nayo. Ilionekana kwamba walioishi na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Hatari ya kupigwa risasi na kuuawa na mwenzi wao ilikuwa kama mara saba, na zaidi ya wanane katika kila kumi waliokufa hivyo walikuwa wanawake. Kinga dhidi ya wageni, ambayo ndiyo sababu watu hununua bastola, haikuonekana.

California si Kahe, lakini mama mpendwa, wewe unamjua mumeo kuliko kamati yoyote. Viongozi wa kijiji watamsifu kwamba ni mtu wa watu, na huenda ni kweli. Wewe unamjua akiwa ametoka kunywa, akiwa amepoteza fedha ya mzigo, akiwa na wivu. Kama amewahi kukupiga, hata mara moja, shauri letu halina pande mbili: bastola isiingie katika nyumba hiyo. Usinyamaze ukingoja leseni itoke. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ukaeleze, kwani leseni hutolewa kwa kutazama mwenendo wa mtu, na mwenendo huo shahidi wake ni wewe. Vivyo hivyo kama baba amekuwa mtu wa huzuni, halali, hali, na kusema maisha hayana faida. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusindikizwa hospitali, wala si kuwekewa silaha karibu na mto wake.

Watoto tuwaseme kwa ufupi, maana kila mama anajua. Hakuna maficho ndani ya nyumba ambayo mtoto wa miaka sita hayajui: chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya doti za kanga. Na msidhani mdogo hana nguvu ya kufyatua. Asiyeweza kwa kidole kimoja huishika kwa mikono miwili na kukisukuma kifyatuo kwa dole gumba, mdomo wa bastola ukiwa umemwelekea usoni.

Je, mama wa Kahe akae tu awangoje wezi? La hasha. Ajiulize kwanza wanafuata nini. Mara nyingi wanafuata fedha taslimu, na wanajua wiki ipi mpunga umeuzwa. Fedha ya mavuno isilale nyumbani hata usiku mmoja. Iende benki au kwenye simu, na majirani waone kwamba imekwenda. Kama wewe ndiye unayelala na sanduku la VICOBA, wenzako wakubaliane fedha isibaki nyingi ndani yake. Zile kufuli tatu na watunza funguo watatu huzuia mmoja wenu asichukue peke yake, lakini mwizi hubeba sanduku zima.

Fedha za bastola, tukijumlisha na mafunzo, risasi na kasha la chuma, zingetosha kutengeneza mlango wa mbao nzito wenye komeo mbili kwa ndani, nondo za madirisha, taa ya jua ya uani, na mbwa wawili wanaokula vizuri. Wazee wa mlimani walikuwa na hekima yao. Huko Marangu bado wageni huonyeshwa mahandaki waliyochimba Wachagga zamani za vita, ambamo kina mama, watoto na ng'ombe waliingizwa adui alipokuja. Mikuki ilikuwepo, lakini watu walifichwa kwanza. Nyumba yako nayo iwe na chumba kimoja cha ndani chenye mlango imara, ambamo wewe na watoto mtajifungia mkiwa na simu na filimbi. Kubalianeni na majirani watano kwamba filimbi ikilia wote wanawasha taa na kupiga yowe, kila mmoja kwake, bila kukimbilia gizani. Lifanyieni jaribio siku moja jioni. Watoto watafurahi sana, na nyinyi mtajua nani hasikii.

Ikiwa baada ya hayo yote mmekaa, wewe na baba, mkaona bado mnaihitaji, basi mama wa Kahe aweke masharti yake kabla fedha haijatoka. Kasha la chuma lifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni, siyo sanduku la kubebeka. Risasi zikae mahali pengine penye kufuli yake. Wenye leseni tu ndio wajue funguo ziliko. Mwenye leseni aende kwenye mazoezi kila mwaka, si siku ya cheti peke yake. Siku baba anaposafiri na mama hana leseni, bastola isibaki nyumbani. Aiulizie polisi namna ya kuwakabidhi waitunze mpaka arudi. Na siku yenye pombe kasha lisifunguliwe. Kwa aina, kama ni lazima tuitaje, sisi tungechukua rivolva yenye uzito wa kutosha.

Limebaki jambo la wajane, maana tumeshapata kuulizwa. Mume akifariki, leseni yake haimrithi mke wala mtoto wa kwanza. Mama wengi huikuta silaha baada ya matanga, wakaogopa kusema, ikakaa miaka chini ya magunia. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wenye silaha zisizo halali kuzisalimisha bila kushtakiwa. Hata hivyo mjane asikae akingoja msamaha mwingine. Amwambie mwenyekiti wa kijiji, na kwa pamoja wakipigie simu kituo cha polisi, askari waje kuichukua nyumbani na kuandikishana. Asiitie kwenye kikapu chini ya ndizi akapanda nayo gari la Moshi.