Nani anakesha ICU?

Wadau, kila mara tunaonyeshwa viongozi wakikata utepe kwenye ICU mpya. Tanzania ilipopata mkopo wa UVIKO-19 wa Shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, sehemu ya hela ilikwenda kwenye majengo na vifaa vya ICU. Safi sana. Ila mimi nina swali moja: saa nane usiku, nani yuko pale kitandani?

Huku mtaani tunaamini mgonjwa akishatoka thieta salama, kazi imekwisha. Takwimu zinasema vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulikuta vifo vya waliofanyiwa operesheni ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi. Na wengi mno hawakufia mezani. Walikufa siku zilizofuata.

Kwa nini? Damu inavuja ndani polepole, kidonda kinapata maambukizi, presha inashuka, mkojo unapungua. Dalili hizo huanza mapema, lakini lazima awepo mtu wa kuziona na kuchukua hatua. Hiyo ndiyo kazi ya timu ya wagonjwa mahututi wa upasuaji: daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, manesi wa ICU, mfamasia, mtu wa fiziotherapia. Huyu anarekebisha mashine ya kupumulia, yule anaamua kama mgonjwa arudishwe thieta usiku huohuo.

Utasikia mtu anasema, basi manesi wapite mara nyingi zaidi. Jamani, ilishajaribiwa! Katika nchi 28 za Afrika, wagonjwa walio hatarini walilazwa karibu na meza ya manesi, wakapimwa mara nyingi zaidi, ndugu wakaruhusiwa kukaa nao. Matokeo yalitoka 2021: vifo havikupungua. Ninavyoona mimi, huwezi kuongeza macho bila kuongeza watu. Nesi aliyeachiwa wodi nzima peke yake, hata akiona presha imeshuka, atamwita nani?

Kwa hiyo mbunge wako akija kujisifu kwa vitanda, muulize: manesi wa ICU wameajiriwa wangapi? Madaktari wa usingizi je? Mashine inajua kupiga kelele tu, haijui kutibu.

Nyie mnaonaje? Wenye ndugu waliopitia huko, tupeni maoni.