Ubao wa pamoja uwe wa kazi, siri za bi harusi zibaki daftarini



Mfungo Mosi uliopita tulimvisha bi harusi wetu gauni piko haijakauka. Hina ilitakiwa ichorwe jana yake, lakini mchoraji alikuwa amekubali maharusi wawili siku moja, mmoja Mbweni na mwengine Bububu. Tulimtumia ujumbe wa kubadilisha siku, ila ulizama kwenye grupu letu la WhatsApp chini ya salamu za Ijumaa, dua za mgonjwa na picha za keki. Doa likabaki kwenye mkono wa kushoto wa lesi nyeupe. Sisi mafundi tunajua piko haitoki kwenye lesi. Tulishonea ua juu yake, wageni wakasifu ua.

Baada ya hapo tukakaa, mafundi cherehani, wachora hina, wapambaji, wapishi wa keki na wakodishaji wa viti, tukakubaliana kufungua ubao wa pamoja mtandaoni. Ni kama ule ubao wa skuli, ila huu unaufungua kwenye simu, kila mtu anabandika vikaratasi vya rangi na wenzake wanaviona hapo hapo. Sisi tunatumia Miro. Mpango wake wa bure unaruhusu mbao 3 za kuandikia, na kwa kikundi kama chetu hata mmoja unatosha. Tuliuchora safu saba za siku za wiki, tukaipa kila kazi rangi yake: kijani hina, njano keki, waridi nguo. Fundi akipata kazi anabandika kikaratasi. Akiona siku imejaa hakubali, anampa mwenzake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Dada mmoja alituambia wazi kuwa kuonyesha kazi zako ni kuwaita wenzako waje kukunyang'anya wateja. Hatumcheki, kwa sababu yameshatokea. Lakini tunaona wateja huibiwa zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Zamani mpambaji alikuwa anakuletea kazi ya gauni, kisha anachukua chake kwa mama wa bi harusi bila ya wewe kujua. Bei inapanda, lawama inakuja kwa fundi. Sasa anayemuunganisha mwenzake anaandika ubaoni kuwa kaunganisha, na ujira wake unatajwa kabla ya kazi kuanza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282, na ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Sisi wanawake wa biashara ndogo ndogo tunakopeshana lesi, shanga na hata viti kwa mdomo mtupu, halafu tunanuniana mwaka mzima.

Kwa hiyo tunautetea ubao. Tunachokipinga ni namna wengi tunavyoufungua.

Sisi wenyewe tulikosea. Wiki ya pili tu, mwenzetu alibandika picha ya bi harusi anajaribu gauni, nywele wazi, mabega wazi, na pembeni jina lake, namba ya simu na vipimo vyote vya futi, kifua, kiuno na nyonga. Hakuwa na nia mbaya, alitaka mpambaji aone shingo ya gauni ilivyokatwa. Lakini ubao tulikuwa tumeuacha wazi kwa kila mwenye linki, na linki ilishapita kwenye magrupu mengine. Kaka wa mmoja wetu aliifungua kwenye kompyuta ya nyumbani. Tukaifuta usiku ule ule, asubuhi tukaenda kwa bi harusi kumwambia na kumuomba radhi. Alisamehe. Harusi ya mdogo wake walimpa fundi mwengine, na hatuna cha kulalamika.

Bi harusi anapovua buibui ndani ya chumba cha fundi, anatuachia amana. Mwili wake na kipimo cha kiuno chake si habari za kikundi, hata kama kikundi chote ni wanawake, kwa sababu simu zetu haziishi na wanawake peke yao. Watoto wanazishika, waume wanazishika, fundi simu anazifungua.

Siku hizi kwenye ubao wetu bi harusi hana jina. Ana namba, kama nguo ya dobi. Kikaratasi kinasema "17, Alkhamisi, hina, Mbweni, baada ya Laasiri" na basi. Jina na vipimo viko kwenye daftari la fundi mwenyewe. Picha haziwekwi kabisa. Anayetaka kumwonyesha mwenzake shingo ya gauni apige picha gauni likiwa kwenye henga. Na kila anayeandika amealikwa kwa barua pepe yake mwenyewe, wengine hawafungui. Ukiufungua wa kwenu, anzeni na sehemu ya kushiriki kabla ya rangi na mapambo: nani anaona, nani anaandika. Sisi tulianza na rangi.

Daftari msilitupe pia. Waliosoma kozi za kompyuta wanaikumbuka Jamboard ya Google. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2024. Kila Jumapili usiku tunauhifadhi ubao kama picha na kuituma kwa wenzetu. Hiyo inawasaidia pia wenye bando dogo, maana ubao wenyewe unakula MB na kwenye simu ndogo maandishi ni ya kufinya macho.

Lililobaki kutusumbua ni mabibi zetu. Kuna bibi yetu wa singo, Makunduchi, ambaye maharusi wa mjini bado wanamfuata. Ana simu ya tochi. Ubao ulipoanza, kazi zikaanza kumpita, si kwa sababu hajui singo, ila kwa sababu hakuonekana. Tuliona haya tulipogundua. Sasa mmoja wetu amebeba rangi yake, ya zambarau, na kila Jumapili anampigia kumsomea wiki yake. Mara ya kwanza alitaka kumweleza ubao ni nini, bibi akamkata, "Mwanangu, nambie siku tu, hayo mengine yenu."

Wiki hii ana Jumanne na Jumatano. Jumatano ameikataa, ana maulidi.