Shati la elfu kumi na tano

Wadau, mwezi uliopita nilinunua shati jeupe kwenye duka moja Kariakoo. Shilingi 15,000, jipya kabisa, limenyooshwa utadhani la bwana harusi. Nikalivaa kwenda kumhoji mkurugenzi mmoja. Daladala haijafika hata Magomeni, mgongo umelowa chapachapa. Lilipofuliwa mara ya tatu, kola ikajikunja kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Nikasema basi liwe tambara la deki. Hata hilo limelishinda, halinyonyi maji!

Kabatini ninalo jingine, la mtumba, nililookota Karume mwaka juzi kwa 8,000. Pamba tupu. Nimeshalivaa zaidi ya mara 80, kwa hiyo kila siku niliyolivaa limenigharimu chini ya shilingi 100. Lile jipya nimelivaa mara tatu: 5,000 kila mara. Sasa lipi la bei poa?

Nilimpelekea fundi wangu hilo jipya. Akachomoa uzi wa kitambaa chenyewe kwenye pindo (si ule wa mshono, maana huo huwa poliesta hata kwenye nguo za pamba), akauwasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wangu uliyeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi. Plastiki, jamani.

Siisemi vibaya poliesta. Sare ya shule iliyochanganywa inadumu na inakauka haraka. Ninacholalamikia ni kuuziwa bila kuambiwa. Bei inaandikwa kwa maandishi makubwa, lakini lebo ya kitambaa ama haipo ama imekatwa. Na sisi wanunuzi tunachangia: tunauliza "mwisho shilingi ngapi?" na tukishapunguziwa elfu mbili tunaondoka tukichekelea. Mfanyabiashara naye akienda kufunga mzigo anafuata kile tunachouliza.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, Tanzania ikarudi nyuma, Rwanda ikakomaa na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Tulibishana sana kuhusu mtumba na heshima yetu. Kitambaa cha hiyo nguo mpya ambayo ingechukua nafasi ya mtumba sikusikia kikijadiliwa sana, ingawa pamba tunalima wenyewe Simiyu na Shinyanga, halafu sehemu kubwa tunaiuza nje kabla haijawa hata uzi.

Mimi naona duka lolote linalouza nguo mpya lilazimishwe kuweka lebo ya Kiswahili: pamba asilimia ngapi, poliesta asilimia ngapi. Gharama yake ni kipande cha utepe.

Jumamosi nimerudi Kariakoo, nikashika blauzi moja na kuuliza, "Hiki kitambaa gani?"

Kijana akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake. "Hii? Hii ya Uturuki, dada."