ALIYEIZIMA FLAPPY BIRD HAKUWA MJINGA, KOSA LAKE NI HILI HAPA!

Pale Ikwiriri, basi la Lindi au Mtwara likisimama, vijana wanakimbilia madirishani na embe, korosho na maji. Likiondoka tu, simu zinatoka mfukoni, gemu inaendelea. Na ubishi wa kijiweni nao hauishi: hivi mtu anazimaje kitu kinachomwingizia mamilioni kwa siku, halafu tuseme ana akili timamu?

Anayesemwa hapo ni yule kijana wa Hanoi, Vietnam, mwenye kampuni yake ndogo ya dotGears. Mei 2013, akiwa bado anaishi kwa wazazi, aliiachia Flappy Bird. Ndege mmoja, mabomba ya kijani, gusa kioo apae. Basi. Miezi ikapita, hakuna aliyejali.

Januari 2014 ikalipuka. Ikashika namba moja kwenye duka la Apple la Marekani, ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 50. Matangazo peke yake, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikuwa yanaleta kama dola 50,000 kwa siku. Kwa hela ya wakati ule ni kama shilingi milioni 80. Kwa siku, wadau!

Februari 8, 2014 akaandika Twitter kwamba baada ya saa 22 anaiondoa, hawezi tena. Na kweli akaiondoa. Watu walikuwa wanamtukana, waandishi wamezingira nyumba ya wazazi wake, na mwenyewe alisema gemu imegeuka ulevi kwa watu.

Wanaomwita mjinga wakumbuke kitu kimoja. Watu wa bonde la Rufiji waliona mafuriko ya Aprili 2024. Maji yakiingia ndani, unatoka. Nyumba unaijua thamani yake, ila unatoka ubaki mzima. Kijana alitoka na akili yake, na hela aliyokuwa ameshaingiza hakuna aliyempokonya.

Kosa lake liko kwingine kabisa, na hili halisemwi sana: aliliacha jina bila mlinzi. Miaka ikapita, kampuni moja ya Marekani ikadai jina la Flappy Bird limetelekezwa, ikalichukua kisheria. Septemba 2024 ikatangazwa Flappy Bird mpya. Mwenyewe ikabidi aibuke mtandaoni baada ya ukimya wa miaka kusema hahusiki na hajauza chochote. Fikiria: kitu umekitengeneza kwa mikono yako, leo unajitetea kwamba si wewe.

Sasa turudi nyumbani. Ni vijana wangapi wa singeli, wa vichekesho, wa kutengeneza programu za simu, wanaopambana usiku kucha ila akaunti ipo kwa jina la "meneja", na alama ya biashara hawajawahi hata kuiulizia BRELA? Siku jina likipata hela, ndipo wanagundua wao ni wageni kwenye kitu chao wenyewe.

Kuacha hela si ujinga, kila mtu anajua mzigo anaoweza kubeba. Ila ukiamua kuondoka, funga mlango na ufunguo ubaki nao wewe.

Haya wadau, milioni 80 kwa siku: ungeizima au ungekomaa nayo? Tiririka hapo chini, matusi weka pembeni!