NANI ALIJENGA MKUNAZINI?

Msimu wa mavuno ukiisha huku Njombe, na fedha za mahindi na viazi zikiwa zimeingia mfukoni, watu huanza kusafiri. Baba zetu na babu zetu walisafiri kwa kuandikishwa umanamba, wakapelekwa Tanga kukata mkonge, na wengi hawakurudi. Leo Mbena, Mkinga au Mpangwa aweza kusafiri kwenda kutazama tu, akarudi nyumbani na habari za kusimulia. Hiyo peke yake ni heshima ambayo haikupatikana bure, nasi twawapongeza wote wanaoitumia.

Hivi karibuni kundi la wanachama na wafanyakazi wa Njombe na Makambako lilipanda basi pale njia panda ya Makambako, likateremka mlima Kitonga, likalala Dar es Salaam, kisha likavuka bahari mpaka Unguja. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Mahali palipotukalisha muda mrefu kuliko pengine pote ni Mkunazini, katika Mji Mkongwe, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa.

Habari za mahali pale zajulikana. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza na manowari zao, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko. Mwaka huo huo misheni ya UMCA ilianza kujenga. Altare imewekwa mahali ambapo, kwa mapokeo, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa, na sakafuni pamewekwa alama ya duara ili mgeni asipite bila kujua. Uko pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa 1873. Nje, katika shimo, wamesimama watu watano wa mawe wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya 1998. Tuliona watu wazima wakigeuza nyuso zao pale, nasi hatuwalaumu.

Lakini hatukuishika kalamu leo kwa ajili ya hayo. Tuliishika kwa sababu ya mzaha.

Ndani ya kanisa, upande wa nyuma, ziko nguzo kadhaa ambazo vichwa vyake viko chini na miguu yake iko juu. Kila mgeni huonyeshwa. Kila mgeni husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alisafiri, na aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha kinyume kwa kutojua. Hapo wageni hucheka, hupiga picha, wakapita. Nasi tulicheka. Kisha mzee mmoja wa Makambako, fundi mwashi tangu ujana wake, akainua macho juu akauliza kwa upole:

“Na paa hili, mwanangu, nani alilimwaga?”

“Ni Askofu Steere, mzee.”

“Peke yake?”

Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii hakikuwa kama cha kwanza.

Swali la mzee yule ndilo hasa la kuulizwa. Paa la Mkunazini halikubebwa na boriti. Ni upinde mmoja wa zege, saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, nao umefunika upana wote wa kanisa kama mtumbwi uliogeuzwa. Yasimuliwa kwamba wengi mjini walitabiri litaporomoka. Mzee wetu alitueleza sisi wenye kalamu jambo tusilolijua: upinde kama ule hausukumi chini tu, husukuma kuta nje, kwa hiyo kuta zisipokuwa nene na imara hufunguka kama mtu anayefungua kitabu, na haumwagwi kabla ya kujengwa upinde mwingine wa mbao chini yake, wa kuulaza mpaka ukauke. Basi palikuwa na maseremala. Palikuwa na waponda mawe, wachoma chokaa, na wapandisha ndoo katika jua la Unguja. Paa lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1870. Zaidi ya miaka 140 imepita, pamefanyika matengenezo, na upinde uko palepale.

Sasa tazama mambo yalivyo. Fundi amekosea nguzo, kosa ni lake, na litasimuliwa vizazi na vizazi. Fundi amesimamisha paa, sifa ni ya askofu. Tulizunguka kuta tukasoma vibao vya kuwakumbuka wamisionari na mabaharia wa Kiingereza. Jina la fundi hatukuliona hata moja.

Hatusemi haya kwa kumdharau Steere. Alikuwa mtu mwenye bidii isiyo ya kawaida, na Kiswahili tunachoandikia gazeti hili kina deni kwake, kwani kitabu chake cha sarufi cha 1870 kilisaidia kuiweka lugha ya Unguja katika maandishi. Amezikwa nyuma ya altare, tangu 1882, na ni haki yake. Lakini hata lugha ile aliwekewa kinywani na watu wa Unguja waliomsimulia hadithi jioni baada ya jioni. Ni jambo lile lile la paa.

Liko neno la pili, nalo ni zito zaidi. Mgeni hutoka Mkunazini akidhani kwamba soko lilifungwa, kanisa likasimama, na utumwa ukaisha. Sivyo. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya kusafirisha watu baharini na masoko ya wazi. Kumiliki watumwa Unguja kuliendelea kuhalalishwa na sheria mpaka 1897, na huku Tanganyika mpaka 1922, chini ya Waingereza wenyewe. Kwa hiyo zege la Mkunazini lilipokuwa likimwagwa, mashamba ya karafuu yalikuwa yakilimwa na watumwa mwendo wa saa chache kutoka pale.

Wala tusikubali hadithi ile nyepesi isemayo kwamba Mwarabu aliuza na Mzungu akakomboa. Watumwa walinunuliwa pia kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Mauritius na Réunion. Fedha za kuendeshea misafara zilikopeshwa na matajiri wa Kihindi, na mateka wengi waliuzwa na watawala wa Kiafrika wenye bunduki na njaa ya nguo. Biashara ile ilikuwa na mabwana wa kila rangi na kila dini. Anayeitumia kuwagombanisha Waislamu na Wakristo wa leo aambiwe akasome upya.

Sisi wa nyanda za kusini tuna sababu ya pekee ya kusema. Waliouzwa Unguja, wengi mno walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakaswagwa mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini. Na misheni ile ile iliyojenga Mkunazini ndiyo iliyopanda mpaka Milo huko Ludewa. Dayosisi ya Anglikana yenye makao yake Njombe, iliyoanzishwa 1952, ni tawi la mti huo. Mtu wa Njombe aingiapo Mkunazini haingii kama Mjerumani mwenye kamera. Huenda anasimama alipouzwa mtu wa ukoo wake.

Twajua, kwa upande mwingine, kwamba kumbukumbu ya wafanyakazi yawezekana. Reli ya TAZARA, ambayo kipande chake kigumu kuliko vyote ni kile cha kati ya Mlimba na Makambako, ilikabidhiwa 1976. Na Wachina wengi waliofia kazi ile wamezikwa Gongo la Mboto, kila mmoja na jiwe lake lenye jina. Wenzao wa Kitanzania na Kizambia hatuoni wakikumbukwa hivyo, na hilo nalo ni deni.

Basi twatoa mapendekezo mawili. Kanisa na wenye kuhifadhi Mji Mkongwe waweke kibao kimoja, karibu na zile nguzo zilizogeuzwa, cha kuwataja mafundi na vibarua waliolisimamisha paa, kwa majina kama yamo katika kumbukumbu za misheni, na bila majina kama hayamo. Na matawi ya vyama vya wafanyakazi ya Njombe na Makambako, yanapopanga safari ya mwaka ujao, yahakikishe kila basi lina angalau fundi mwashi mmoja, naye akae mbele, karibu na mtembeza wageni, mahali pa kuulizia maswali.