Si Jua la Garissa Linaloua Gari Yako, Ni Maji

Wasee wa Garissa, leo tuongee ukweli. Gari ikichemka hapa kwetu, kila mtu anaangalia juu. "Ni hii jua." Dere anasema jua, makanika anasema jua, hata mama wa chai kando ya gereji anasema jua. Mimi nimeacha kuamini.

Jua tunalo, sikatai. Februari na Machi mchana unapita nyuzi 36 na hakuna anayeshangaa. Lakini Toyota hizi hizi zinatembea Muscat na Dubai kwenye nyuzi 45 na hazisimami kando ya barabara kila wiki zikitoa mvuke. Msimamo wangu ni huu: magari yetu ya zamani yanauawa na maji tunayoyatia wenyewe, kwa jerikeni, kwa mikono yetu.

Najua kwa sababu nililipia hilo somo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa narudi chuo Nairobi, mwaka wa pili, semesta ya pili. Abti wangu ndiye alikuwa ananipeleka na Corolla yake ya 110. Hiyo gari ilikuwa inafanya teksi hapa mjini na ndiyo ilikuwa inalipa nusu ya karo yangu. Ayeeyo alikuwa kiti cha nyuma, anaenda kliniki ya macho. Tukavuka daraja la Tana asubuhi, tukapita Madogo, tukapita Ukasi. Garissa iko chini, kama mita 150 tu kutoka usawa wa bahari, na ukifika Mwingi umeshapanda mpaka karibu mita 1,000. Wewe uliyekaa huoni mlima wowote. Injini inauona.

Kabla ya Nguni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Abti akaniambia, "Itashuka tu, abti." Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo. Haikushuka. Tuliposimama, abti akafungua kifuniko cha rejeta na kitambaa. Alama ya ule moto bado iko mkononi mwake. Halafu tukafanya kosa kubwa zaidi: tukachukua maji ya kunywa ya ayeeyo, tukayamwaga ndani ya injini iliyokuwa inawaka. Bloku ya ile injini ni chuma, hedi ni alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi kisha ikamwagiwa maji baridi inajikunja. Yetu ilijikunja.

Kuvutwa mpaka Mwingi, hedi kuchongwa, gasketi mpya, kazi ya fundi: 41,000. Salio langu la karo lilikuwa 38,000. Unajua hiyo hesabu iliishaje. Siwezi kudanganya ati niliacha chuo kwa sababu ya rejeta peke yake. Kulikuwa na mambo mengine, na mengine ni uvivu wangu. Lakini pesa ilikuwepo Jumapili, Jumatano haikuwepo.

Kitu ambacho sitasahau ni kile fundi alinionyesha baada ya kufungua hedi. Njia za maji zilikuwa zimejaa ukoko mweupe. Niliujua mara moja. Ni ule ule ulio ndani ya birika letu la chai nyumbani. Kila asubuhi birika lilikuwa linatuonya, na sisi tunakunywa chai tu.

Maji mengi ya visima vya huku yana chumvi na madini. Yakipata joto, yale madini yanashika kwenye chuma. Ukoko ukishakuwa mnene, ni kama umeifunika injini blanketi: joto limo ndani, maji yako pale kando, na hayakutani vizuri. Chumvi nayo inakula alumini polepole. Na abti alikuwa anaongeza maji kila wiki, anasema gari yake ina kiu. Buda, gari haina kiu. Mfumo wa maji wa injini umefungwa. Kama unaongeza kila wiki, kuna mahali panavuja, na kila jerikeni unayoongeza inaleta chumvi mpya.

Sasa nawajua nyinyi. Mtu atasema kulanti ni ya wazungu, ya nchi za barafu. Ni kweli chupa nyingi zinajisifu kuhusu baridi, na baridi hiyo hatutaiona Garissa. Mwingine atasema kulanti inazuia kuchemka. Inasaidia, lakini kifuniko cha rejeta kinasaidia zaidi. Kifuniko kizima cha bar 0.9 kinabana maji mpaka yasichemke kabla ya nyuzi 118 hivi, hata yakiwa maji matupu. Kulanti inaongeza nyuzi chache juu ya hapo. Kwa hivyo kama mpira wa kifuniko chako umepasuka, anzia hapo, ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Kazi kubwa ya kulanti kwetu sisi ni dawa iliyomo ndani: inazuia kutu, inalinda alumini, inatunza pampu ya maji. Hiyo dawa inaisha. Ile kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota ilikuwa inafaa kubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ukiona rangi bado inang'aa usidhani dawa bado ipo. Rangi ni rangi.

Wazee nao watasema, "Sisi tuliendesha malori mpaka Mandera na maji ya kisima." Nawaheshimu. Lakini malori yale yalikuwa na rejeta kubwa za shaba na injini za chuma zilizovumilia mengi, na bado waulizeni walilala porini mara ngapi. Gari ya leo ina alumini na njia nyembamba. Haina huo uvumilivu.

Haya, unanunua nini? Usinunue kwa rangi. Kijani inaweza kuwa chochote, hata maji yenye rangi kwenye chupa nzuri. Soma lebo. Tafuta iliyoandikwa ethilini glaikoli, na kwa gari ya Kijapani tafuta isiyo na silikati. Kulanti nyingi za Kijapani zinatumia fosfeti, na hapa ndipo panatuhusu sisi: fosfeti ikikutana na maji ya chumvi nyingi inagandisha yale madini, unapata ukoko tena. Yaani unaweza kununua kulanti bora, ukaichanganya na maji ya kisima, ukaiharibu kwa mkono wako. Nunua iliyochanganywa tayari. Kama ni ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji ya chupa yasiyo na chumvi, yale ya kuongeza kwenye betri, na hakikisha umepewa maji, si asidi. Usiitie nzito bila maji ukidhani ndiyo nguvu zaidi. Ikiwa tupu inabeba joto vibaya kuliko iliyochanganywa.

Kubadilisha mwenyewe kunawezekana. Mimi na abti tuliifanya nyumbani baada ya gari kurudi. Fanya alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko, fungua koki iliyo chini ya rejeta, kinga karai. Funga, jaza maji safi, washa mpaka ipate joto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Mwosho wa mwisho uwe wa yale maji yasiyo na chumvi, kwa sababu mengine hubaki ndani. Kisha tia kulanti polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na ufungue hita mpaka mwisho ili hewa itoke kwenye njia zote. Ndiyo, hita, Garissa. Majirani waliniona nimekaa ndani ya gari na hita imewaka, wakajua sasa huyu kijana chuo kilimharibu kweli. Ongeza kadiri inavyoshuka, funga, na siku inayofuata angalia tena ikiwa baridi.

Thamostati usimkubalie mtu akaitoa. Najua utaambiwa "huku kuna joto, haina kazi." Injini nyingine zina njia ya mkato ya maji, na ni thamostati inayoifunga. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Umeitoa ili gari isichemke, kumbe umeisaidia kuchemka.

Kitu kimoja hakuna anayekisema: ile kulanti ya zamani usiimwage barabarani. Ni sumu na ni tamu. Mji wetu mbuzi wanatembea kama wenye nyumba. Mbuzi akiilamba figo zinaharibika, na mtoto vile vile. Itie kwenye jerikeni iliyofungwa, iandike, iweke mbali na watoto mpaka upate gereji inayokusanya.

Mwisho ni pesa, maana najua ndipo mnapokwama. Corolla ya 110 inachukua lita 5 na kitu. Sisi tulitumia kama 3,500 pamoja na maji ya kuosha na kifuniko kipya. Ni pesa, nakubali. Lakini mwenye pesa akichemsha injini ananunua nyingine au ana wa kumpigia simu. Abti hana wa kumpigia. Ndiyo maana nasema kulanti si anasa ya matajiri. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye gasketi moja inamtoa mtoto shule.

Na ukikwama porini, tia maji yoyote uliyo nayo, hakuna dhambi. Subiri tu injini ipoe kwanza, nusu saa au zaidi, hata kama ayeeyo analalamika. Ukifika mjini, osha na utie kulanti.

110 ya abti bado inafanya teksi. Sasa inamlipia karo dada yangu mdogo. Kila Ijumaa kabla ya swala mimi ndiye nafungua boneti kuangalia, na tangu ile siku haijaomba hata kikombe kimoja cha maji. Birika la nyumbani bado lina ukoko. Nenda kaangalie lenu, halafu nenda ufungue boneti.